Ufito Mwepesi wa Kabati

Mtaani kwetu jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Sisi wote tulimwita Kabati, na mkewe naye alimwita Kabati, akiwa amenuna au amefurahi. Alikuwa pande la mtu. Akisimama mlangoni, taa ya barazani haina kazi. Riziki yake ilikuwa kuhamisha watu. Anafika asubuhi na lori la kampuni, anateremsha vitanda, friji na meza za mbao nzito, kisha anakwenda kuvipandisha kwingine. Penye ngazi nyembamba yenye kona mbaya, wenzake husogea pembeni na kusema, "Mpisheni mwenyewe." Naye huinama, akapitisha mkanda mabegani, akanyanyuka na friji mgongoni huku anaendelea na habari za mpira.

Ilikuwa hivyo tangu utotoni. Shuleni walimu walimtuma kubeba madawati. Gari la jirani likikwama kwenye matope, hodi ilipigwa kwa mama yake. Lakini kikombe cha kioo hakuna aliyempa. Alikua akinywa kwenye kikombe cha bati, na akienda ugenini mwenyeji hukitazama kiti kwanza, kisha humtazama yeye, kisha husema, "Karibu kwenye kochi." Alicheka nao. Ila alizoea kutembea kimbavumbavu ndani ya nyumba za watu, mikono ameikunja kifuani, kama mtu aliyeogopa kupumua.

Siku moja walikwenda kumhamisha mkunga mmoja mstaafu, mama mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekuwa anahamia kwenye nyumba ndogo. Vitu vyote vya mama yule vilikwishaingia kwenye lori isipokuwa viwili: paka wake, aliyejificha juu ya tangi la maji bafuni, na mfuko mrefu wa kitambaa ambao mama aliukumbatia toka asubuhi asitake mtu auguse. Sasa paka haiwezekani kumshika kwa mkono mmoja. Mama akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwona Kabati.

"Wewe mkubwa, njoo hapa. Shika huu. Usiuweke chini, usiuegemeze ukutani. Shika tu."

Kabati akaupokea kwa mikono miwili, amejiandaa kwa uzito. Mikono yake ikapanda juu yenyewe. Alidhani mfuko ni mtupu.

Mama alipotoka bafuni, amejaa mikwaruzo, paka yuko kwapani ananguruma, alimkuta Kabati bado amesimama palepale, mfuko ameulaza kwenye viganja kama mtoto aliyezaliwa jana.

"Mama, samahani. Humu mna nini?"

Mama akamtia paka kwenye kikapu, akafungua mfuko. Akatoa vipande vya ufito wa kuvulia samaki, akaviunganisha kimoja kwa kingine pale pale ukumbini, katikati ya maboksi. Ulikuwa mwembamba kuliko kitu chochote ambacho Kabati aliwahi kukishika. Kwenye mpini ulikuwa na unene wa kidole gumba, na ncha yake ilikuwa kama njiti ya kiberiti.

"Utikise. Siyo hivyo, unaua nyoka? Kidogo tu, kwa kifundo cha mkono."

Akautikisa. Mtetemo ukaanzia ncha ya ufito, ukashuka, ukamwingia kiganjani, ukapanda hadi kwenye kiwiko. Akautikisa tena.

"Huu ni wa trauti, samaki wa vijitoni," mama akamwambia. "Huko juu, kwenye maji baridi. Vijito vingine unaweza kuviruka. Humtegi kwa chambo. Unamrushia nzi wa bandia, manyoya na uzi umezungushwa kwenye ndoana ndogo. Anadhani ni mdudu ameanguka, anapanda juu, anamlamba. Basi! Hapo ndipo utajua kama moyo wako mzima."

Siku hiyo Kabati alishusha mizigo ya mama yule kama mtu anayecheza. Alifika nyumbani hata viatu hajavua, akamkuta mkewe anapanga vyombo.

"Mke wangu, nataka kuvua samaki."

"Nenda sokoni."

"Hapana, sikiliza. Kuna samaki anakula manyoya."

Mkewe alikuwa mwalimu wa udereva. Kutwa alikaa kiti cha abiria pembeni ya watu wanaotaka kumuua bila kukusudia, kwa hiyo hakuna habari iliyomshtua upesi. Aliketi, akamsikiliza. Kabati alieleza kwa mikono, kwa mabega, akachukua mwiko akaonyesha ufito unavyotikisika, akaangusha kopo la chumvi, akaliokota, akaendelea. Mkewe hakuwa amemwona hivyo tangu wakiwa wachumba.

"Haya," akasema. "Jumamosi mimi nina wanafunzi. Nenda na shemeji yako."

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Shemeji, mdogo wa mkewe, alikuwa fundi wa simu na mjuaji wa kila kitu. Ukimwambia unaumwa jino, yeye amekwisha kuling'oa. Alikuwa hajawahi kuvua hata kambare, lakini usiku wa kuamkia Jumamosi alitazama video, na asubuhi akawa bingwa.

Duka la vifaa vya uvuvi lilikuwa nyuma ya duka la dawa, chumba kirefu chembamba, fito zimesimama ukutani kama mianzi. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akauliza kwa upole, "Unakwenda kuvua wapi, kaka?"

"Vijitoni," Kabati akajibu.

"Lakini mtazame mwili wake," shemeji akadakia. "Huyu si mtu wa kumpa njiti. Mtu mkubwa, ufito mkubwa. Lete ule mrefu, na mshipi mzito, unaofika mbali."

Dada akasita. "Kwa kijito mimi ningeanza na huu." Akashusha ufito mfupi mwembamba, akamnyooshea Kabati.

Kabati alikuwa anautaka ufito ule kwa roho yake yote. Lakini mikono yake ilirudi nyuma ya mgongo yenyewe. "Huo nitauvunja, dada," akasema. "Nipe tu huo mkubwa."

Wakaondoka na ufito mrefu mgumu, mshipi mnene na nzi wa bandia, shemeji ametangulia kama aliyeshinda kesi.

Kijito kilikuwa juu milimani, mwisho wa barabara ya lori. Kilipita kati ya mawe na vichaka, miti imeinamiana juu yake kama watu wanaosengenya. Maji yalikuwa maangavu mno, unahesabu kokoto chini. Kabati alipofika ukingoni moyo ulimdunda. Akautoa ufito wake mrefu, akaunyanyua, na ncha ikaingia kwenye matawi hata kabla hajarusha.

"Rudisha nyuma kwa nguvu!" shemeji akapiga kelele.

Akarudisha kwa nguvu. Nzi akanasa kichakani. Wakamnasua. Akarusha tena, nzi akanasa kwenye kofia ya shemeji, kofia ikaruka ikatua majini. Akarusha tena, safari hii mshipi ukapata njia, ukashuka juu ya maji pwaa! kama kamba ya nguo iliyokatika na nguo zake. Chini ya maji vivuli vikatawanyika kila upande. Samaki wote wa bwawa lile la kijito walipata habari kwa wakati mmoja.

Wakahangaika hivyo hadi mchana. Shemeji akachoka, akaenda kulala kivulini na kofia yenye maji usoni. Kabati akaketi juu ya jiwe, mabega yameanguka. Ndipo akamwona. Mbele yake, si mbali, hatua chache tu, pua ndogo ilitokeza juu ya maji, ikanywa kidudu, ikazama. Duara likapanuka taratibu. Kisha samaki mwenyewe akageuka, na jua likampata ubavuni: madoadoa meusi, mengine mekundu, tumbo la rangi ya siagi. Kabati aliganda. Samaki akapanda tena, palepale. Alikuwa karibu hivyo, na Kabati ameshika ufito wa kurushia ng'ambo ya ziwa.

Alirudi mikono mitupu, lakini macho yanang'aa. Mkewe alimsubiri barazani.

"Umepata?"

"Nimemwona! Mke wangu, nimemwona anakula! Ana madoa hivi, mekundu..."

"Na ufito?"

Akauegemeza ukutani. Halafu akamwambia ukweli wote, pamoja na ule ufito mdogo alioukataa.

"Kwa nini uliukataa?"

"Nitauvunja. Mimi unanijua."

Mkewe akaweka mikono kiunoni. "Kabati, vioo vya watu nani anavibeba? Lile kabati la vyombo la yule mama wa ghorofani, sahani za bibi yake zimo ndani, nani alilishusha? Kuna sahani iliyolia? Au unalipwa kazi ya kuvunja?"

Ni kweli, katika miaka yote ya kazi Kabati hakuwahi kuvunja hata kisosi. Alikuwa hajawahi kuliwaza jambo hilo.

Jioni ile ile wakaenda dukani wote wawili. Dada wa miwani alipowaona akatabasamu, akaupokea ule ufito mrefu, akaukagua, hauna hata mkwaruzo, akakubali kuubadilisha. Kisha akafungua mlango wa nyuma. "Safari hii hatuchagui kwa macho," akasema. "Njooni uani."

Ua ulikuwa mwembamba, ukuta huku na huku, kamba ya nguo katikati. Dada akaweka sinia la bati chini, mwisho wa ua. "Hilo ndilo samaki. Mlenge."

Akampa ufito wa kwanza, mwepesi, wenye mshipi mwembamba kuliko yote. Kabati akaushika kama mtu aliyeshika yai. Akarusha. Mshipi ukajikunja mbele ya miguu yake kama tambi.

"Umeona?" dada akasema, wala hakucheka. "Nzi hana uzito. Huwezi kumrusha peke yake, kama vile huwezi kurusha unyoya. Kinachosafiri ni mshipi, nzi anapewa lifti tu. Na mshipi ndio unaoupinda ufito, ufito ukipinda ndio unaorusha. Sasa huu ni mwepesi lakini ni mkakamavu. Ungekuwa unarusha mbali, mshipi mwingi ungekuwa nje, uzito ungetosha kuupinda. Kijitoni unatoa mshipi kidogo tu. Ufito hauoni hata kama kuna kazi."

"Kwa hiyo nataka ufito mlaini," Kabati akasema polepole, "unaopinda kwa kitu kidogo."

"Hapo umesema! Na mfupi, kwa sababu ya matawi. Na mshipi uzidi uzito wa huu kidogo tu." Akaingia ndani karibu akimbie, maana naye shauku ilikwishampanda. Akatoka na ufito mfupi wa rangi ya asali, ameufunga gurudumu la kuzungushia mshipi, dogo kama kifuniko cha chupa ya chai, na mikononi mishipi miwili.

"Huu umenenepa mbele. Ni mzuri kwa upepo na masafa. Huu mwingine umechongoka ncha zote mbili, katikati ndiyo umejaa. Unatua taratibu, hauwashtui. Na ncha moja ikichakaa, unaugeuza, unatumia nyingine."

"Kama shuka," mkewe akasema.

"Kama shuka kabisa, dada yangu."

Kabati akaugusa ule uliochongoka kwa vidole, ukateleza kama utepe. Ulikuwa na rangi ya machungwa. "Na rangi hii? Samaki hatauona?"

"Ni wewe unayetakiwa kuuona. Mwishoni tunafunga uzi mwembamba usioonekana majini, nzi yuko kwenye uzi."

Akarusha. Safari hii ufito ulipinda. Aliusikia ukipinda, kama ngazi ya mbao inayopokea mguu. Lakini mshipi ulikwenda nyuma ukaanguka chini, ukarudi mbele umechoka. Akarusha tena, vilevile. Jasho likaanza kumtoka. Mkono wake ulikuwa unakwenda nyuma na kuendelea kwenda, hadi ufito ukalala begani.

Mkewe alikuwa amesimama pembeni, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu. Akanyanyua, akakanyaga tena. Halafu uvumilivu ukamwisha.

"Breki!" akapaza sauti. "Breki, Kabati! Unapita taa nyekundu! Mkono ukifika sikioni, funga breki!"

Dada wa miwani akageuka kumtazama kwa mshangao. "Ndivyo hasa," akasema. "Asimame ghafla. Mshipi wenyewe utaendelea."

"Haya. Nyuma. Breki! Subiri, usiwe na pupa, uache upite. Mbele sasa. Breki!"

Mshipi ukanyooka nyuma, ukatulia hewani kitambo, ukapita juu ya kichwa chake kwa mlio mdogo wa upepo, ukafunguka mbele kama mkeka unaotandikwa, na kijiuzi chekundu alichofunga dada mahali pa nzi kikatua katikati ya sinia. Hakikutoa hata sauti.

Kabati aliachia ukelele uliowaleta wafanyakazi wa duka la dawa dirishani. Wakadhani ameumia. "Mmeona? Mmeona?" Akarusha tena, sinia. Akarusha tena, pembeni kidogo. Tena, sinia! Mke anapiga breki kwa mguu na mdomo, dada anapiga makofi, mfamasia na koti lake jeupe anauliza dirishani, "Ni mchezo gani huo?"

Kesho yake alfajiri walikuwa njiani. Shemeji alisema ana simu za watu za kutengeneza, na hakuna aliyembembeleza. Walipokaribia kijito Kabati alimshika mkewe mkono, akaweka kidole mdomoni. Wakanyata. Mtu yule wa kubeba friji alipiga magoti nyuma ya jiwe, akatambaa, tumbo linagusa majani yenye umande. Mkewe nyuma yake aliuma kanga yake asicheke.

Chini ya jiwe kubwa, kwenye maji yaliyotulia, pua ikatokeza.

"Yule," Kabati akanong'ona.

"Nimemwona. Nyuma. Breki."

Nzi akatua. Akaelea kidogo, manyoya yake yamesimama. Maji yakafumuka! Kabati alishtuka, akavuta kama anavyovuta kabati la nguo, na nzi akaruka nyuma yao, mtupu.

"Umekanyaga mafuta!" mkewe akalia kwa kunong'ona.

"Najua! Najua!" Ilibidi akae chini kwanza, apumue.

Wakapanda hadi bwawa la pili, dogo kama sebule, lenye poromoko la maji upande wa juu. Matawi yalishuka hadi kimo cha kichwa, lakini ufito mfupi ulipata nafasi chini yake. Akarusha, akafunga breki, mshipi ukateleza chini ya majani ukamlaza nzi pembeni ya povu. Mara hii maji hayakufumuka. Nzi alitoweka tu, kama ameitwa.

Kabati akanyanyua mkono polepole, jinsi anavyonyanyua pembe ya piano.

Ufito ukapinda hadi kwenye mpini. Ukatetemeka, ukahema, ukavutwa kushoto, kulia, chini ya jiwe. Kila mshtuko wa samaki ulimfikia kiganjani moja kwa moja, kana kwamba amemshika mkia. "Utavunjika!" akapiga kelele. "Utavunjika, mke wangu!"

"Hauvunjiki! Ndiyo kazi yake! Mwache akimbie! Mpe barabara!"

Akampa barabara. Mshipi ukatoka kwenye gurudumu ukilia kriii, kisha samaki akachoka, akaja akilalia ubavu. Kabati akaingia majini na viatu vyake vya kazi, akalowanisha kiganja, akampitisha chini yake. Alikuwa trauti mdogo. Kwenye kiganja kile alionekana kama kijiko kwenye sinia. Madoa mekundu, kila moja limezungushiwa duara la buluu. Mapezi yalikuwa yanapepea.

Kabati alimtoa ndoana kwa ncha za vidole viwili, akamshikilia majini kichwa kikielekea mkondo, hadi samaki alipokumbuka kuogelea. Kisha akainuka na kuachia kicheko ambacho kiligonga mawe ya upande wa pili kikarudi. Mkewe naye akacheka, wakacheka kama watoto waliotoroka shule, Kabati bado yumo majini hadi magotini.

"Haya, toka huko," mkewe akasema, ameshajifuta machozi. Akanyoosha mkono. "Lete ufito."

"Subiri kwanza, nijaribu pale juu..."

"Kabati. Lete ufito."

Akampa. Mkewe akakunja mikono ya blauzi, akalitazama bwawa vile anavyoyatazama makutano ya barabara: kushoto, kulia, kushoto tena. Akarusha mara ya kwanza, matawi. Mara ya pili, mshipi ukatua vizuri, nzi akashuka na maji, akapita jiwe, akazunguka.

Kutoka chini ya poromoko kikatoka kivuli kirefu, mara tatu ya samaki wa Kabati. Kikamfuata nzi bila haraka, kikafungua mdomo.

Na Kabati, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti kazini, alikuwa anaruka majini, maji yanamrukia hadi kifuani, akipiga kelele zilizosikika hadi kwenye barabara ya malori, "Mpe barabara! Mpe barabara, mke wangu, huyo ni basi!"